Maji ya Kuoshea Roketi

Siku yangu ya kwanza kazini katika kituo cha roketi nilichelewa, na sababu ilikuwa viatu. Nilikuwa fundi bomba wa miaka mingi pale Kilwa Masoko, nimezoea kuingia mtaroni na kandambili, na mlinzi wa getini akanikatalia katakata: bila buti za kazi hupiti. Nikasimama juani mpaka akatokea bwana mmoja mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. "Wewe ndiye Selemani wa mabomba?" Nikasema ndimi. "Unavaa namba ngapi?" Huyo alikuwa Mhandisi wa Maji, bosi wangu wa kwanza. Buti alizonipa zilikuwa zake mwenyewe, zikanibana wiki nzima mpaka nikapewa za kituo.

Nyie vijana mkisikia roketi mnafikiria moto. Mimi nawaambia fikirieni maji. Injini zikiwashwa, chini yake tunafungulia maji mengi kwa mkupuo mmoja, yanamwagika juu ya sakafu ya zege ili kumeza joto na kishindo. Bila maji hayo zege litapasuka na vipande vyake kurudi kupiga injini. Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa hiyo: pampu, matangi, na mabomba mapana ya mtu kutambaa ndani. Mhandisi wa Maji alikuwa na neno lake ambalo lilinichosha. "Selemani, usiniambie unadhani. Niambie umepima." Siku moja nikamjibu kwa jeuri kwamba mimi presha ya bomba naijua kwa kuligusa. Akanitazama, akasema, "Basi mkono wako uandike ripoti."

Baadaye nikahamishiwa uwanja wa kuoshea. Roketi zetu zilikuwa za kurudi, maana yake kipande cha chini, chenye injini, kikishasukuma mzigo juu hugeuka na kushuka chenyewe, kikasimama kwa miguu yake juu ya tishari lililotia nanga baharini. Msidhani ilikuwa rahisi. Ya kwanza ilirudi vipandevipande. Ya pili iligusa tishari, ikayumba, ikaanguka majini huku tunaitazama kwenye skrini, na watu wazima tukalia. Iliyofuata ilisimama. Tukaiita Mama, kwa sababu kipande cha juu huenda zake moja kwa moja na yeye ndiye anayerudi nyumbani.

Mama akirudi anakuwa amerushiwa maji ya bahari mwili mzima, na chumvi ni adui wa chuma. Kabla haijakauka lazima aoshwe, nje na katika baadhi ya mabomba yake, kwa maji yasiyo na chumvi kabisa. Sisi tulivuta maji ya kisima kirefu, tukayapitisha kwenye mtambo wa kuchuja chumvi, kisha nikachota sampuli kwenye dumu lenye kibandiko cha kijani. Nikatumbukiza kipima chumvi, kimashine kidogo chenye kijiti, nikasoma namba, nikaweka sahihi. Bila sahihi yangu hakuna aliyefungua bomba la kuoshea.

Sasa niwaambie kilichoniponza. Wakati mmoja, kabla sijawasha kipimo, nilionja maji ya tangi nikayatema palepale: bahari tupu, bomba la chini lilikuwa limepasuka. Mtu yeyote angeyatema, lakini sifa ikanikaa mimi. Wakaanza kuniita Ulimi. "Mwulizeni Ulimi!" Nami nikavimba kichwa, sina haja ya kuficha.

Zilikuwa zimebaki wiki sita nistaafu. Mhandisi wa Maji alikwishaondoka, na juu yangu alikuwa Mkuu wa Majaribio, mwanamke wa Kimakonde kutoka Newala, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kipima chumvi kilikuwa kimeharibika na kimepelekwa Dar kutengenezwa. Na Mama akarudi siku hiyo. Kanuni ilisema bila kipimo usioshe. Kanuni nyingine ilisema chumvi isikaukie juu ya Mama. Nilipaswa kumpigia simu Mkuu aamue yeye, ndiyo kazi yake. Badala yake nikachota sampuli kwenye dumu langu la kibandiko cha kijani, nikainua, nikaonja. Matamu! Nikaweka sahihi: maji yanafaa. Tukaosha mpaka jioni.

Asubuhi ya pili yake ilikuwa siku ya jaribio tuliloliita kuwasha hapohapo. Mama hufungwa jukwaani asiruke, injini zinawashwa kidogo, ndipo aruhusiwe kwenda tena. Saa nne tukakaa kunywa chai. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha, na mimi kwa uvivu nikaweka mezani lile dumu la sampuli. Akaja Somoe, fundi wa vali, zile koki za kufungua na kufunga mabomba ya Mama, binti wa Njinjo kule bara, mcheshi, mwenye mkataba wa muda. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Akamimina glasi, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Babu, maji ya wapi haya? Mbona yana chumvi?"

"Chumvi gani wewe? Yaonje vizuri."

"Nimeyaonja. Kwetu Njinjo maji hayana ladha hii. Nyie wa visiwani mmezoea tu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nimezaliwa kisiwa cha Songo Mnara, nimekulia maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi kidogo mwaka mzima, na kiangazi ndiyo zaidi. Hayo ndiyo maji ninayoyaita matamu. Ulimi wangu haukujua mengine! Na ulimi huo ndio niliokuwa nimeuwekea sahihi.

"Ya kisima cha mtaani," nikamwambia. "Nimechota huko asubuhi."

Somoe akalitazama dumu, akanitazama mimi. "Haya, babu," akasema, akaweka glasi chini.

Astaghfirullah, nilidanganya kwa urahisi namna hiyo. Nilikwenda nyuma ya mtambo nikafungua kichujio, na nikakikuta kimechanika ubavuni. Maji ya kisima kirefu yalikuwa yanapita nusu yake bila kuchujwa. Tulikuwa tumemwosha Mama kwa chumvi, na chumvi hiyo ilikuwa imeshakauka ndani ya vali zake.

Mjue hatari yenyewe. Kabla mafuta hayajaingia, mabomba ya Mama hujazwa gesi yenye presha kubwa, na mafundi wa vali hupanda jukwaani kusikiliza kama kuna panapovuja. King'ora cha kwanza, saa tisa alasiri, ndicho kinachowaita wapande. Vali iliyoganda chumvi ikikataa kufunguka wakati huo, bomba linaweza kuwapasukia usoni. Na wa kwanza kupanda, kwa orodha iliyobandikwa ukutani, alikuwa Somoe.

Mngefikiri nilikimbia ofisini. Sikukimbia. Nilikwenda kukaa kwenye stoo ya mabomba nikajidai napanga viungio. Nilijiambia chumvi yenyewe kidogo. Nilijiambia vali ni ngumu, zimetengenezwa na watu wenye akili. Nilijiwazia wiki sita zangu, nikifukuzwa kwa aibu baada ya kazi yote ile, na watoto wa Masoko wakinicheka, yule Ulimi, yule. Saa sita nikaenda kuswali, sikumbuki nilisoma nini. Saa saba nikatoka mpaka ngazi ya ofisi ya Mkuu, nikaweka mguu, nikarudi. Saa nane nikamwona Somoe kwa mbali anafunga mkanda wa usalama kiunoni, anataniana na mwenzake. Bado nikarudi stoo! Niliogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo.

Halafu king'ora kikalia.

Nikatoka mbio na buti zangu, mzee mzima. Kwenye korido, mbele ya mlango wa Mkuu, nikamkuta Somoe. Ameshavaa kofia ya kazi, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Nikashangaa kidogo kwamba hayuko njiani kwenda jukwaani, lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa zaidi. Aliponiona akashusha mkono, akasogea pembeni.

"Tangulia, babu," akasema.

Nikaingia bila kubisha hodi. Nikasema yote kwa pumzi moja: kipimo, dumu, ulimi, kichujio. Mkuu wa Majaribio hakunikatiza. Akainua simu ya mezani. "Simamisha. Asipande mtu. Toa presha yote." Akaiweka.

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa nne, Mkuu."

Akaangalia saa ya ukutani. "Sasa ni saa tisa."

"Niliogopa, Mkuu."

"Kwetu Newala," akasema, "nilipokuwa mdogo maji tuliyafuata bondeni. Kupanda kurudi ndiyo shida. Ukijikwaa ndoo ikamwagika, unafika nyumbani unasema imemwagika, unapigwa, yanakwisha. Hakuna mtoto aliyethubutu kutua ndoo tupu jikoni akanyamaza, watu wakawasha moto wakingoja maji. Wewe umetua ndoo tupu, Mzee Selemani."

"Ni kweli."

"Kaandike. Uandike kila kitu, na hizo saa tano pia."

Vali zikafunguliwa moja moja. Nyingi zilikuwa safi. Ya tano Somoe akaifungua, akaniita nisogee. Ndani ya mdomo wa vali palikuwa na ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika, na kile kisahani cha kufunga kilikuwa kimekwama hakisogei hata kwa koleo. Akachokoa punje kwa ncha ya bisibisi, akaniwekea kidoleni. "Onja, babu." Nikaonja. Hiyo hata mimi niliijua.

Nilipewa barua ya onyo kali, nikaisaini. Kanuni ikabandikwa ukutani kwa herufi kubwa: hakuna kuonja, bila kipimo simamisha. Maji yakaletwa na lori, Mama akaoshwa upya, vali zikabadilishwa. Siku aliyoruka tena nilikuwa nimekaa kwenye benchi la uwanja wa kuoshea, singojei tena kuitwa Ulimi, namwomba Mungu tu. Akapanda, akageuka, akasimama kwenye tishari. Kipimo kipya akakishika kijana mwingine. Mimi nilibeba mpira wa maji.

Wiki sita zikaisha. Wakaniaga kantini kwa pilau na hotuba, Mkuu akanishika mkono akasema, "Nenda salama, Mzee Selemani." Somoe akanisindikiza getini.

"Babu, nikuulize. Siku ile uliniambia maji ni ya kisima cha mtaani."

"Nilikudanganya, mwanangu. Nisamehe."

"Nilijua palepale. Dumu lilikuwa na kibandiko cha kijani."

Nikasimama. Miaka yote hiyo nabandika vibandiko, na siku hiyo sikukiona!

"Mbona hukusema?"

"Niliandika. Ile karatasi uliyoniona nayo mlangoni. Niliiandika baada ya chai nikaiweka mfukoni. Nikasema, namngoja babu aseme mwenyewe, mwisho king'ora. Kikalia, nikaenda. Nilikuwa nimeinua mkono nigonge, ndipo ukatokea."

"Na wewe hukuogopa?"

"Wee! Niliogopa sana. Mimi kibarua wa mkataba, nani angeniamini mbele ya Ulimi?"

Nilidhani siku ile aliniachia mlango kwa sababu ya mvi zangu. Mlinzi akaniambia buti ni mali ya kituo, nizivue. Nikazivua, nikatoka na kandambili.

Sasa niko nyumbani Songo Mnara. Kisima ni kilekile, na maji yake nayaona matamu kama zamani. Roketi ikiruka watoto wa hapa hukimbia ufukweni kushangilia moto, wakaniita nikatazame. Huwa naenda, lakini moyo hautulii. Nawaza kama kuna mtu kule kituoni aliyekaa na jambo tumboni tangu saa ya chai, na kama mlangoni kwa Mkuu yupo wa kumwambia atangulie.