Kinyago Nilichokifunua Mikindani

Asiyewahi kuwapeleka watoto arobaini na wawili kuangalia sanaa asinihubirie habari za subira. Tulifika Mikindani saa tatu asubuhi, na mpaka saa nne kasoro robo hakuna aliyeitupia sanaa hata jicho. Walikuwa chooni. Nyumba ile ya sanaa ina choo cha kuvuta maji, na darasa la sita zima liligundua ghafla kwamba limebanwa. Mmoja akitoka anamsimulia mwenzake, mwenzake anarudi kwenye foleni. Nilipowatoa huko, wakagundua feni.

Mimi si mtu wa Mtwara. Nimezaliwa Bukoba, serikali ikanileta huku kufundisha, na sasa natimiza mwaka wa tisa shuleni kwetu Chuno. Miaka tisa inatosha kabisa kumfanya mtu aamini kwamba anajua. Safari ile niliipigania mwenyewe. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua tatu, nikakusanya ridhaa za wazazi moja moja, nikatunga karatasi ya maswali kumi. Swali la nne lilisema: chora kinyago, kisha eleza kinavyotengenezwa na kinavyotumika. Nilikuwa nimehangaika kweli, na sitaficha, nilitaka shukrani.

Aliyekuwa akinichosha masikio kuliko wote ni binti mmoja niliyemweka kiti cha mbele, kando yangu, kwa sababu garini hutapika. Chuno anaishi kwa shangazi yake, lakini kwao ni Mpapura, na muhula mzima hakuwa na habari nyingine ila likizo ya Juni. Mdogo wake angetoka jandoni. Kungekuwa na ngoma, na lipiko lingekuja. Lipiko ni yule mchezaji aliyevaa kinyago, ambaye kule husemwa si mtu, ni mzimu umetoka porini, na akitokea huwafukuza wanawake na wasichana mpaka kwenye mikorosho.

"Tunavyokimbia, madamu, we acha tu!" aliniambia hata kabla dereva hajawasha gari. "Safari hii nishakuwa mkubwa, nakimbia mbele, pamoja na akina mama."

Nilimwambia aufikirie mtihani wa hesabu.

Basi, tukaanza kuzunguka. Kijana mwongoza wageni alikuwa amekariri maelezo yake na hakutaka kukatizwa, na watoto hawakuacha kumkatiza. Mbele ya sanamu ya mama asiye na nguo walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mbele ya mti wa mpingo uliochongwa watu ishirini waliobebana waliniuliza tutakula saa ngapi. Niliwaambia watakula wakishaona. Nilikuwa nimeanza kuumwa kichwa.

Katika chumba cha mwisho, ukutani, kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kaniki. Kijana akakipita.

"Twendeni uani, kuna mtumbwi wa zamani," alisema.

"Na hicho je?"

"Hicho kinyago, madamu. Wakija wageni wa nje tunafunua. Wakija watoto wa hapa hapa tunaacha."

Damu ilinipanda. Nikamuuliza, kwa hiyo mzungu ashuke kwenye ndege aone, mtoto mwenye mali yake asione? Hoja ilikuwa nzuri, na hata leo sijaona kasoro yake. Kijana alijikuna shingo.

"Si hivyo, madamu. Humu kuna wasichana. Na kuna wavulana ambao bado."

"Bado nini?"

Wavulana waliokwisha kupita jandoni walikuwa wanatazama sakafu, wote, utadhani wameangusha kitu. Kisha kiranja wangu, mtoto niliyemfundisha kushika penseli, akanyoosha kidole kwa adabu zote na kusema, "Madamu, hata wewe ungetoka nje."

Mimi! Nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri, nimepanga foleni za choo, nimehesabu vichwa mara saba, halafu nitolewe nje na kiranja. Nikaikamata ile kaniki nikaivuta.

Wasichana walipiga ukelele mmoja, wakatoka mbio. Benchi lilipinduka, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Wavulana wakubwa wakawapigia kelele za kuwafukuza, wale wadogo wakaziba macho. Nilipofika uani niliwakuta wamejazana getini wanahema na kucheka, mikono kifuani, na binti yangu wa kiti cha mbele ndiye aliyekuwa ametangulia. Macho yalikuwa yanamng'aa. Mimi nilichokiona ni ukaidi na ushirikina tu, na niliudhika kweli kweli.

Niliwarudisha ndani kwa mstari. Kijana alikataa kukishusha kinyago, nikakishusha mwenyewe. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani, kina nywele za mtu za kweli, na ndani kilinuka jasho la zamani. Nikakigeuza ili wote waone.

"Tazameni. Mtu anaingiza kichwa hapa. Anaona kupitia hapa mdomoni. Hakuna mzimu, hakuna cha porini. Huyu ni baba wa mtu, ni babu wa mtu, anatoka jasho kama mimi na nyinyi. Kinyago mmekichonga wenyewe, kiwatishe?"

Hawakucheka. Hakuna aliyeuliza habari ya chakula. Waliketi sakafuni wakaandika, kimya kabisa, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia ndege wa nje. Swali la nne walilipata wote arobaini na wawili. Nilijisifu moyoni, nakiri, na nilipowagawia maandazi nilikuwa nimeshawasamehe.

Kimya kile kilipanda nasi garini. Wavulana walikaa nyuma, wasichana mbele, na hakuna aliyemtania mwenzake. Tulikuwa tumekaribia mjini binti alipozungumza, huku anatazama dirishani.

"Madamu, mimi nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba lipiko la kwetu ni babu yangu. Kidole chake cha mguu kimepinda. Nilikiona tangu niko darasa la pili. Bibi naye anajua. Mama anajua. Wote tunajua."

"Sasa mlikuwa mnakimbia nini?"

Alinigeukia akanitazama kama ninavyowatazama wao wakishindwa saba mara nane.

"Tusipokimbia atamfukuza nani?" alisema. "Hatusemi, basi. Wavulana wanajua kwamba hatujui. Sasa leo wamesikia tumeambiwa." "Na wewe umesema mbele ya watu wote. Nitakimbiaje?"

Nilitaka kumwambia habari ya elimu, ya ukweli, ya mzungu na ndege yake, na vyote vilikuwa bado kweli. Nikamwambia akimbie tu, nani atamkataza. Nilisikia mwenyewe lilivyo jibu la kipuuzi. Hasira yangu yote ya siku ile ilikosa mtu wa kumwangukia, ikanirudia, na nilifika Chuno nikiwa nimeona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nianze kazi.

Likizo ikaja, ikaisha. Mwezi wa saba, siku ya kwanza, nilimwona anafagia chini ya dirisha la ofisi. Nilizunguka zunguka, nikamuuliza habari za nyumbani, za shangazi, za korosho. Mwishowe nikauliza kama ngoma ilikuwa nzuri.

"Nzuri, madamu. Shikamoo."

"Marahaba. Lipiko lilikuja?"

"Lilikuja." Aliendelea kufagia. "Wenzangu wakakimbia. Mimi miguu ilikataa. Likanijia mpaka hapa," akaonyesha kwa ufagio, hatua mbili mbele yake, "nami nimesimama. Na lenyewe likasimama."

Lipiko halisemi. Hata mimi mtu wa Bukoba najua hilo.

"Halafu?"

"Halafu babu akaniuliza, kwa sauti yake ile ile ya nyumbani, watu wote wanasikia: 'Mjukuu wangu, mbona hukimbii?'"