Bukari Nyeupe Kashoni

Mdogo wangu alikamatwa mchana, kwenye barabara ya kuelekea mgodi wa Mashamba, akiwa amebeba wachimbaji wawili kwenye pikipiki ya abiria. Polisi walikuwa wanawafukuza vijana walioingia mgodini bila ruhusa. Abiria wake waliruka wakakimbia. Yeye hakukimbia, kwa sababu pikipiki ilikuwa ya mtu na aliogopa kuiacha. Wakamuuliza jina. Huku kwetu Kolwezi, nchi ya Katanga, jina linatosha: ukilitaja, mtu anajua kwamba babu yako aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, hata kama wewe mwenyewe hujawahi kuiona Kasai. Mmoja wa wale wachimbaji, aliyejificha nyuma ya rundo la mawe, ndiye aliyekuja kutuambia. Alisema polisi walicheka, kisha mmoja akasema, "Ah, ni muntu wa Kasai. Panda."

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria Lubumbashi na sijapata kazi. Wakati ule nilikuwa nasaidia kwenye mikutano ya polisi na raia katika ukumbi wa parokia. Wageni walieleza kwa Kifaransa habari za polisi mpya, wasiomuuliza mtu kabila, nami niligeuza maneno yao kwa Kiswahili. Komanda wa kituo chetu alikaa mbele. Siku moja alisimama akasema, "Polisi ni ya bote," yaani ya wote, tukampigia makofi. Kwa hiyo nilijua vizuri kwamba anayekamatwa lazima aambiwe kosa lake, familia yake ijulishwe, na asikae kashoni, yaani mahabusu ya kituo, zaidi ya siku mbili bila kufikishwa kwa mwendesha mashtaka.

Kujua hakukunisaidia. Niliwaza: nikienda kama mtu wa mikutano, watasema najivuna. Nikienda kama kaka yake, watasema mikutano yenyewe nilikuwa naifanya kwa ajili ya watu wa kwetu. Nikianza na Kifaransa, nitawaudhi polisi wadogo. Nikianza na Kiswahili, wakubwa hawatanisikiliza. Niliwaza hivyo nikiwa nimesimama katikati ya uwanja, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka mama akaniuliza kama naumwa.

Yeye alikuwa anafikiria chakula. Kashoni serikali haipiki. Ambaye hakuletewa kitu hula cha mwenzake, au anashinda hivyo hivyo. Na chakula, kwetu, ni bukari, ambayo wengine huiita ugali. Bukari ya mama ni ya watu wa Kasai: unga wa mahindi na wa mihogo pamoja, ina rangi kidogo ya udongo, na ukiikata kwa vidole inavutika. Jirani yetu wa upande wa kulia ni mwenyeji wa Katanga. Kwao ni mahindi matupu, na bukari yake ni nyeupe kabisa. Katika mtaa wetu kila mtu anaweza kufunua sahani na kukuambia imetoka nyumba ya nani.

Jirani aliingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Mama, usiende na ile beseni," alisema. "Ile bukari yako itafika pale kabla yako. Bataifunua, batasema: bale ba Kasai beko tena. Acha mi nipike. Bale batoto ya polisi banajua mi. Nitasema ni mutoto yangu."

"Mutoto yako tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu alianza kuiba mapapai yangu."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi. Mama alizima moto wake. Nilifikiri ni akili, na hata nilifurahi, kwa sababu sasa hakukuwa na haja ya kuamua nitaongea lugha gani.

Nilimsindikiza jirani mpaka kituoni. "Weye baki hapa kwenye mulango," aliniambia. "Unafanana naye, na ile sura yako haijui kunyamaza." Nikabaki, karibu vya kutosha kusikia.

Polisi wa zamu alikuwa kijana. Alimsalimia kwa mikono miwili.

"Mama, leo unapikia nani? Siye tuko na njaa."

"Kwanza mutoto wangu, kiisha bale bakubwa."

"Mutoto gani?"

"Ule wa pikipiki."

"Ule ni wako? Aa, mama! Sababu gani hukutuma mutu?" Akapunguza sauti, lakini nilimsikia. Alisema hawakuona neno juu ya kijana. Komanda akirudi jioni, atamwachia.

Wakamtoa mdogo wangu. Alikuwa peku, kwa sababu huko ndani wanakuvua viatu na mkanda. Jirani aliweka beseni juu ya meza, akafunua kitambaa. Mdogo wangu aliitazama bukari, kisha akamtazama jirani.

"Mama iko wapi?"

"Kula, mwanangu. Kula kwanza."

"Nauliza, mama iko wapi?"

Jirani hakuweza kumtaja mama mbele ya polisi. Alikuwa amesema mama ni yeye. "Kula," alisema tena, na akamkonyeza, lakini mdogo wangu hakuwa anatazama macho yake. Aliisukuma beseni kwa mikono miwili mpaka sombe, mboga ya majani ya mihogo, ikamwagika mezani.

"Hii siwezi kula."

Uso wa yule polisi ukabadilika. "Unasema nini? Mama amepika, amebeba, na weye unasukuma? Bukari ya Katanga haikutoshi?"

Mwingine akajibu kutoka chumba cha ndani. "Ni vile beko! Banakaa kwetu, banatumika kazi kwetu, lakini bukari yetu inabanukia."

"Murudishe ndani," yule wa zamu alimwambia. "Kesho anaenda parquet."

Parquet ni kwa mwendesha mashtaka, na wanaopelekwa huko kutoka kituo chetu, wengi wao siku hiyo hiyo wanalala gerezani. Jirani alijaribu kusema neno. Walimwambia kwa heshima arudi nyumbani, na beseni wakaibakiza pale mezani.

Njiani jirani alitembea haraka mbele yangu. Alipofika kwetu alilia, na ilikuwa ni hasira zaidi kuliko huzuni. "Mi nimemubeba mugongo, ule mutoto. Leo anafikiri namuwekea sumu?"

Mama hakumtetea mtoto wake. Aliuliza tu, "Alipoiona, alisema nini kwanza?"

"Aliuliza mama iko wapi."

Mama akaketi chini, pale pale kwenye udongo. "Ni hadisi ya baba yao," alisema.

Mimi nilikuwa ninaijua hadithi hiyo kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu, na sikuwa nimeikumbuka hata kidogo. Miaka ile watu wa asili ya Kasai walipokuwa wanafukuzwa Katanga, kabla sisi hatujazaliwa, baba aliwekwa kashoni. Kila siku alipelekewa bukari ya mama. Siku moja akapelekewa nyeupe, ya mpishi mwingine, na aliyeileta alimwambia tu ale. Alipotoka alikuta nyumba haina milango wala mabati. Mama alikuwa kwenye kituo cha gari la moshi pamoja na maelfu ya wengine, analala juu ya mizigo, akingoja treni ya kwenda Kasai, ambayo hatimaye hawakuipanda. Baba alituhadithia mara nyingi, kila mara kwa maneno yale yale: niliijua habari kwa sahani, kabla mtu hajaniambia. Baba amefariki sasa. Mdogo wangu alikuwa amekaa kashoni anatukanwa kwa ajili ya Kasai, halafu mbele yake ikafunuliwa bukari nyeupe.

Jirani alifuta macho. "Mungu wangu," alisema. "Basi pika yako. Tunaenda bote."

Mama akapika ile yake. Tulienda watatu, yeye mbele, beseni kichwani. Komanda alikuwa amesharudi. Akanitambua mara moja, akaniita mwanasheria kwa Kifaransa.

"Juriste! Karibu. Ni wewe unaleta familia hii?"

"Mi ni mama yake," mama alisema kabla sijafungua mdomo. "Huyu ni jirani yangu. Aliogopa kwa ajili yetu, ndiyo sababu alisema mutoto ni wake. Mutoto aliona chakula ya mwingine, akafikiri balitufukuza."

Komanda aliitazama beseni ya mama. Ana umri wa kuikumbuka miaka ile, na sijui alikuwa upande gani. Akaagiza mdogo wangu aletwe. Alipomwona mama, akashika ukingo wa meza.

"Sawa," Komanda alisema. "Hakuna neno. Lakini umetukana huyu mama jirani mbele ya batu yangu, na beko na hasira. Ile bukari yake iko pale. Ukule, bakuone, kiisha uende nyumbani."

Nilisema, "Komanda, sheria inasema kwanza aambiwe kosa lake. Kama hakuna kosa, anaenda, ikiwa amekula au hajakula."

Akanitazama bila ukali, karibu kwa upole. "Juriste, unataka tutafute kosa? Tukitafuta, tutapata."

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Mdogo wangu akaketi. Bukari ilikuwa imepoa na kukauka juu. Alikata, akachovya, akameza, akakata tena, na polisi walisimama wakimtazama kama watu wanaotazama mpira. "Nayo tamu?" mmoja aliuliza. Wakacheka. Jirani alisema, "Inatosha sasa, imetosha, mi nimesamehe," lakini Komanda aliinua kidole, na mdogo wangu akamaliza. Bukari ya mama ilipelekwa ndani kwa waliobaki, vijana waliotoka pande zote za Kongo kuja kuchimba, ambao hapa hawana mtu. Tulisikia wanashukuru. Mdogo wangu hakuionja.

"Unaona?" Komanda aliniambia tulipokuwa tunatoka, mdogo wangu akisukuma pikipiki. "Mambo ya mtaa tunaimalizia mu mtaa. Utaeleza bale bageni ba mikutano."

Nyumbani mdogo wangu alioga, akaketi kwenye kiti cha baba. Mama alimwuliza kama apike tena. Alisema ameshiba.

"Mama, kuko mutu alikuja kutufukuza?"

"Hapana, mwanangu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa sababu gani ulificha bukari yetu?"

Mama alinigeukia, kana kwamba jibu nililisomea chuoni. Nilianza kueleza kwamba watu huchukua tahadhari, kwamba hofu ya mtu si kosa lake, kwamba mkutano ujao tungeweza...

"Nauliza mama," alisema.

Mama alisema wataongea kesho. Kesho yake mdogo wangu alirudisha pikipiki kwa mwenyewe, akapanda lori la kwenda Fungurume, mji mwingine wa migodi, na anafanya kazi huko mpaka leo. Akipiga simu na mimi nikapokea, hanisalimii. Anaomba nimpe mama, asikie sauti ya mama mwenyewe, ajue kwamba bado yuko.