Sayansi Zote Jamii

Kadzo hakuzaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, lakini ungemsikia akisema ungekula kiapo kwamba kitovu chake kimezikwa mtaani Kibokoni. Aliletwa na shangazi yake kutoka Kaloleni angali msichana, akawekwa nyumbani kwa Bi Nabiha kupika na kufua, na katika nyumba ile alijifunza kupinda leso kwa cherehani na kusema Kiswahili cha wenyewe. Bi Nabiha akiita watu mezani alikuwa akisema, "Ndooni nyote jamii, chai yapoa," na Kadzo akawa anaita vivyo hivyo, jamii kwa maana ya wote bila kubaki mmoja. Leo ana cherehani yake nje ya duka moja katika barabara ya Biashara. Mteja akimwambia amshonee kanga, humjibu kwa upole kwamba hapa ni leso, tena leso haishonwi, hupindwa. Wengine hucheka. Wengine huenda kwa fundi wa pili, maana walikuja kupindiwa, hawakuja kusomeshwa.

Fahari hiyo ndiyo iliyomponza.

Bintiye Mbodze yuko Gredi ya Tisa, na mwaka huu ndio wa kuchagua masomo atakayokwenda nayo sekondari ya juu. Wa sayansi na hesabu wana njia yao, wa historia, lugha na dini wana yao, na wa sanaa na michezo nao wana yao. Ukishaingia moja, kutoka si mchezo. Mbodze hakuwa na la kufikiri. Nduguye mdogo, Kenga, ana ugonjwa wa damu wa seli mundu, na kila Kenga akizidiwa Mbodze ndiye anayekaa naye hospitali, nje ya maabara, akitazama dirisha dogo linalopokea vichupa vya damu. Amekwisha kusema kwamba atakaa upande wa ndani wa dirisha lile. Mtoto akisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaka kwenda kuteka maji, mzazi anapata hofu kuliko akililia. Kadzo alikuwa na hofu hiyo, hofu ya kwamba kitu hiki kinaweza kumponyoka mtoto, na kimponyokee mikononi mwa mamake.

Babu yao akafariki Kaloleni. Kadzo alikwenda kuzika, akarudi kwa sababu leso za harusi zilikuwa zikimngoja, akawaacha watoto matangani. Mbodze alimsindikiza hadi barabarani, akamwambia mwalimu akipiga simu aambiwe sayansi, basi. Kadzo akamwambia asitie shaka.

Simu ikapigwa kweli. Aliyepiga ni Mwalimu Mwikali, Mkamba wa Machakos aliyekaa Mombasa miaka mingi, na ndiye anayemfundisha Mbodze Kiswahili. Kwa wazazi wengine wote mwalimu huyu alisema "pathwei", akazitaja njia zenyewe kwa Kiingereza, na wote wakafahamu. Lakini siku moja ya wazazi Kadzo alikuwa amemsahihisha neno mbele ya watu, kwa upole wake ule ule, na mwalimu hakusahau. Kwa hiyo siku hii alijitayarisha. Alisema kuna mikondo mitatu, akaitaja kwa Kiswahili safi kisicho na doa. Wa kwanza Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Wa pili Sayansi Jamii. Wa tatu Sanaa na Spoti.

Kadzo alisimamisha cherehani ili asikie vizuri, na alisikia vizuri, hilo ndilo la kusikitisha. Wa kwanza aliuona ni sayansi iliyochanganywa na mambo mengine. Wa pili ulikuwa sayansi jamii. Sayansi zote! Kwa nini mwanawe apewe ya kuchanganya na zote zipo?

"Mwandikie sayansi jamii, mwalimu," akasema.

Mwalimu alisita kuandika. Akauliza kama ana hakika, maana yeye alidhani mtoto anataka mambo mengine.

"Nna hakika. Sayansi jamii, asipungukiwe hata na moja."

Mwalimu Mwikali akadhani ndiyo maneno ya watu wa pwani, akaandika.

Kadzo alishinda na furaha yake mpaka mchana, alipofika Loise, anayemuuzia nyuzi na ambaye mwanawe Tony anasoma na Mbodze. Kadzo akamsimulia, hakuficha kitu, akaongeza na chumvi kidogo. Loise alikuwa akimpangia nyuzi za rangi. Mkono wake ukasimama.

"Mama Mbodze, si hiyo ndiyo ya historia na jiografia? Ndiyo aliyochukua Tony, kwa vile sayansi imemshinda."

Kadzo akamwambia anakosea. Loise akamweleza polepole kwamba jamii hapa ni watu, maisha ya watu, wala si "zote". Kadzo aliendelea kubisha, lakini moyoni alikuwa amekwisha kufahamu. Akakaa chini, juu ya leso za watu. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila huu wa Kadzo umekiponza kichwa kisichokuwa chake.

Akaiacha cherehani kwa Loise, akakata kupitia soko la Marikiti kwenda shuleni, akisukumana na wachukuzi wenye magunia ya viazi. Mmoja alimpigia kelele ajiangalie, na yeye aliyezoea kumjibu kila mtu hakumjibu. Njiani aliyaona mambo yote yamekwisha kuharibika: Mbodze mtu mzima, amekaa nje ya dirisha lile lile, bado anangoja.

Mwalimu Mwikali alipoambiwa, alikaa. Hakucheka, na Kadzo alimshukuru moyoni kwa hilo. Alisema kosa ni lao wote wawili, kwamba angesema pathwei yasingetokea haya. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuingizwa, na mwenye kufungua tena ni naibu wa mwalimu mkuu peke yake, Bwana Oloo, naye habadilishi kitu mpaka mzazi na mtoto wasimame mbele yake pamoja. Mwaka huu amechoka: leo baba anakuja kubadilisha, kesho mtoto anakuja kurudisha. Na mfumo unafungwa kesho adhuhuri.

Kadzo akapiga simu Kaloleni. Haikuingia. Akapiga tena, akampigia jirani, akampigia mtu wa bodaboda aliyempeleka mazikoni, na huyo ndiye aliyekubali kwenda hadi bomani kwa marehemu. Ujumbe aliompa ulikuwa mfupi: Mbodze aje kesho asubuhi. Sababu hakuisema. Jioni alimpelekea Bi Nabiha leso zake, na bibi, aliyekwisha kuwa mzee wa kusikia kwa shida, akamuuliza mbona leo kimya.

"Nimekosa neno, mamangu," Kadzo akasema.

"Neno hukosewa, mwanangu. Mwambie mwenyewe aliyekosewa, usimwambie mimi."

Asubuhi alimngoja Mbodze stendi, akiwa amepanga maneno mazuri ya kuanzia. Mtoto aliposhuka na kuuliza nani amekufa tena, maneno yote yakamkimbia. Akamweleza hapo hapo, kati ya mizigo ya watu. Mbodze alisikiliza hadi mwisho. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza saa ngapi wanafunga, akatangulia mbele kwa hatua za haraka. Kadzo alimfuata nyuma, na kile kisogo kilichonyooka kilimuuma kuliko kama angetukanwa. Alitaka kumwambia kwamba alimtakia zote. Akaona si wakati wake.

Nje ya ofisi ya Bwana Oloo kulikuwa na wazazi wengine, na kila mlango ulipofunguliwa Kadzo alisimama, akakaa. Mtandao ulikatika, ukarudi. Zamu yao ilipofika jua lilikuwa karibu na utosi. Bwana Oloo hakuinua uso kutoka kwenye tarakilishi. Aliuliza wanataka nini, na Mbodze akaanza kufungua mdomo.

"Ngoja," bwana akamkatiza. "Mzazi ndiye anayethibitisha. Mama, sema wewe, tena useme sawasawa. Nikiandika safari hii sifungui tena."

Mwalimu Mwikali, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama Kadzo. Mbodze pia alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu stendi, na macho yake yalijaa woga. Kadzo alijua jina la mkondo. Alikuwa amelirudia usiku kucha. Lakini sasa kila neno lililomjia mdomoni alilishuku, kama lina maana nyingine iliyojificha asiyoijua yeye. Yeye, Kadzo, aliyewasomesha wateja wake lugha.

"Bwana," akasema, "mimi nilisema mara moja nikamkosesha mwanangu. Muulize yeye. Atakalolisema ndilo langu."

Bwana Oloo akainua uso. Alimtazama mama, akamtazama binti, kisha akageuza kiti kumwelekea Mbodze. Mbodze akasema Stem, ule mkondo wa kwanza, akataja bayolojia, kemia na hesabu, neno moja moja, kwa sauti ile ile ya mtu anayetaka kwenda kuteka maji. Vidole vya bwana vikagonga. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka, na wote wakalitazama mpaka liliposimama.

"Imeingia," akasema Bwana Oloo.

Kadzo hakuondoka pale alipokuwa. Alimshika mwanawe mkono, na mkono ule haukujitoa.

"Sema tena, mwanangu," akamwambia. "Nifundishe."