Siku Niliyoruka Bwawani na Suti

Nilitolewa majini kwa kuvutwa tai.

Si mkono, si kamba. Tai. Na aliyeivuta alikuwa nyanya wa watu, amevaa dera na mtandio, kichwani amebandika maua ya plastiki.

Kumzunguka walikuwa wanawake wengine chungu nzima, nao wana maua kichwani, wamenikodolea macho hadi nikatamani kurudi chini nikazame kwa amani.

Sikuwa nimelewa. Kaa hapo nikueleze, halafu ukimaliza ucheke, ruhusa unayo.

Naitwa Mwiti. Ni mtu wa Meru, injinia wa maji hapa Garissa. Kazi yangu ni visima: leo Sangailu, kesho kwingine, pampu ikigoma naitwa mimi. Nikiitwa injinia wa maji naitika kifua mbele.

Kuogelea sijui. Maji nayajua yakiwa ndani ya bomba.

Sasa kuna Caro.

Caro ni nesi, mtoto wa Mwingi. Ukimtania hacheki mara moja. Anafikiria kwanza kama utani wenyewe unastahili, halafu ndipo anacheka, na hapo wewe unajiona umeshinda uchaguzi. Jumapili nilikuwa nikimtembelea kwake, mlango wazi na majirani wanatuona, maana Garissa ni Garissa.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: picha za sinema za zamani za Marekani.

Si hizi za kupigana. Zile za enzi za babu zetu, za muziki na mapenzi, ambazo hadithi inasimama kila mara ili watu waogelee. Wasichana wanashuka kwa bembea, wanapiga mbizi kwa mstari, wanajipanga majini kama ua linalofunguka. Wanaibuka na lipstiki iko palepale, wanatabasamu.

Na kando ya bwawa kuna jamaa mwenye suti, anaimba. Mwishowe jamaa anaruka na suti yake, wanaibuka pamoja, wanapendana, picha imekwisha.

Joto la Garissa unalijua. Feni ya Caro kazi yake ilikuwa kuhamisha joto kutoka ukuta huu hadi ule. Kutazama watu wakilowa kulikuwa ni nafuu ya aina yake.

Siku moja akaniuliza, "Wewe unajua kuogelea?"

"Mimi? Nimezaliwa kando ya Mto Kathita."

Hapo sikusema uongo. Ila sikusema pia kwamba mama alikuwa anatuchapa tukiukaribia.

Caro akafikiria, akacheka. "Basi siku moja nitakuona ukiruka na suti."

Ulikuwa utani. Mimi nikauchukua kama masharti.

Siku zikapita. Nikasikia kwa mlinzi wa hospitali, si kwa Caro mwenyewe, kwamba amepewa uhamisho aende Machakos.

Niliumia. Nasema wazi, niliumia hadi chakula kikakataa kushuka. Caro akiondoka nitabaki na nini? Visima?

Mtu mwenye akili timamu angempigia simu amuulize. Mimi nilitoa suti sandukuni.

Nikamweleza Ogle. Huyu tunafanya naye kazi, Msomali mzaliwa wa hapa, na ndiye rafiki wa pekee niliyempata katika mji huu asiyenicheka mbele ya watu.

"Ogle, nataka kumposa Caro."

"Mashallah. Wazee yako nakuja lini?"

"Hakuna wazee. Nitaenda mwenyewe, pale bwawani. Nitaimba, halafu nitaruka na suti."

Akaweka spana chini. "Walaal, ndugu yangu, bibi anaombwa na watu. Nakaa chini, nakunywa chai, naongea bole bole. Wewe nataka kubosa beke yako, tena ndani ya maji?"

"Ndivyo anavyopenda."

"Amekuambia?"

"Ameniambia kwa njia ya picha."

Ogle akasema astaghfirullah, akaendelea na kazi yake.

Mimi nikaanza mazoezi. Beseni, maji, uso ndani. Sikufanya mazoezi ya kuogelea, la. Nilikuwa najifunza kutabasamu chini ya maji kama wale wa kwenye picha. Maji yalipita puani yakaenda kusikojulikana, nikakohoa hadi jirani akaja kuuliza kama ni kifua.

Habari ya kuzama sikuwa na wasiwasi nayo. Nilipiga hesabu kiinjinia: mwili wa binadamu huelea wenyewe. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Suti ya sufu ndiyo haikuwemo kwenye hesabu.

Sasa sikiliza mambo ya bwawa lenyewe.

Kuna hoteli moja ndogo yenye bwawa. Maji yake yanatoka Tana, na chujio lilikufa zamani, kwa hiyo rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Adabu ya pale ni hivi: mchana ni zamu ya wanawake. Turubai linashushwa pande zote na mlinzi anakaa mlangoni. Baada ya Alasiri ni zamu ya wanaume.

Jumamosi Caro alikuwa hakosi zamu yake. Mpango wangu: zamu ikibadilika tu, nipande jukwaa la kurukia, Caro akiwa bado anafunga mkoba wake pale kando anione, aelewe, asahau Machakos.

Nikafika mapema, suti, tai, viatu vimeng'aa. Jasho lilikuwa limeshanilowesha kabla ya bwawa kupata nafasi.

Adhana ya Alasiri ikalia. Mlinzi akanyanyuka, akafunga turubai kwa kamba, akachukua birika lake akaenda kutawadha.

Kwa akili yangu ya Meru nikajua zamu imebadilika.

Kumbe zamu haibadiliki adhana ikilia. Inabadilika watu wakitoka kuswali. Mtoto wa hapa angekuambia hivyo usingizini. Mimi, miaka yote hiyo Garissa, sikujua. Na ile kamba? Nilidhani ni ya kuzuia mbuzi.

Nikaifungua.

Ndani kimya. Hakuna sauti, hakuna mtu. Viatu vya kike vimepangwa ukutani, nikasema basi, wameingia chumba cha ndani kuswali, Caro hasali nao, atatokea sasa hivi. Nikapanda ngazi. Maji yametulia tuli, ya hudhurungi, huoni hata kidole chini yake.

Nikasafisha koo, nikaimba mstari wangu wa kwanza, nilioutunga mwenyewe kwa wiki nzima:

"Caro, tabasamu lako linanizamisha..."

Nikaruka.

Nikiwa hewani, maji yakafunguka.

Vichwa vikaibuka vyote kwa pamoja, duara zima, mitandio imepambwa maua, nyuso zinatabasamu kuelekea juu, mikono imeshikana. Wanawake wa Garissa, manesi, walimu, wauza maziwa, wamevaa madera na suruali zao, wamejipanga majini kama ua linalofunguka. Walikuwa wamebana pumzi chini ya ile chai muda wote huo.

Katikati ya ua paliachwa nafasi. Ndipo nilipokuwa naelekea.

Nilimwona Caro. Tabasamu lake lilizimika kama stima.

Halafu nikazama. Sikutabasamu. Suti ilikunywa maji ikawa nzito kama ngamia, nami nikashuka nayo huku nikimwita mama kwa Kimeru, na kila nilipofungua mdomo Mto Tana uliingia.

Ndipo tai ikavutwa.

Aliyenivuta ni Mama Maka, muuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikulia kando ya mto na anaogelea kuliko wanaume wote wa ofisi yetu.

"Kijana," akasema, bado ameshika tai, "wewe hukuona watu?"

"Maji ni machafu, mama."

"Na kuingia, nani alikuambia ingia?"

"Adhana."

Wakatazamana. Mmoja akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Wengine hawakuona cha kuchekesha, na walikuwa na haki.

Caro hakucheka wala hakugomba. Alichukua leso yake, akajifunga, akaondoka bila kunitazama. Hapo ndipo nilipozama kweli.

Usidhani yaliishia hapo. Mwanamume kuingia zamu ya wanawake si jambo la kuomba radhi ukaenda zako. Kuna waume waliotaka nihame mji, na sikuwalaumu. Lakini Mama Maka akasema kesi ni ya walioingiliwa, na wao ndio watakaoiamua.

Tukaketi uani pa hoteli. Kwa desturi ya hapa mkosaji hajitetei mwenyewe, watu wake ndio husema. Mama Maka akauliza, "Watu yake ni nani?"

Nikatazama chini. Watu wangu wako Meru.

Ogle akasimama. "Eeddo, shangazi, huyu hana mtu hapa. Basi mimi ndiyo watu yake." Akaketi karibu nami.

Nilitaka kulia. Akaeleza kila kitu, suti, picha, wimbo, tena akaeleza vizuri kuliko nilivyostahili. "Hakuja kwa ubaya," akamalizia. "Alikuja kwa ujinga."

Sikupinga.

Caro akaomba kusema. "Mwiti, kwa nini siku hiyo? Kwa nini haraka hiyo yote?"

"Nilisikia unahamia Machakos."

"Nilikataa uhamisho. Zamani."

Akawageukia wale wanawake.

"Nilikataa kwa sababu ya hawa," akasema. "Tangu mwaka jana nawafundisha. Wengine walikuwa wanaogopa hata kulowesha uso. Nikiondoka, nani atawapanga? Kila mtu hapa anajua."

Nikamgeukia Ogle. "Ulijua?"

"Hukuniuliza hiyo. Uliniuliza habari ya suti."

Jamani. Jumapili zote zile tulikaa chumba kimoja tukitazama picha moja. Mimi macho yangu yalikuwa kwa jamaa wa kando, nikijiona mimi. Caro wala hakuwa na habari naye. Alikuwa anawatazama wale wasichana, anahesabu mikono yao, anaangalia nani anaanza kupiga mbizi na nani anafuata. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja kwa nini anazipenda.

Mama Maka akatoa hukumu. "Unasema maji ilificha sisi. Wewe ni mtu ya maji. Basi safisha, mpaka mtu akiwa juu aone shilingi chini. Halafu siku ya onyesho, sisi tunacheza, wewe utakaa nje kwa turubai, ulinde. Mtu akiingia, tunakuuliza wewe."

Nikakubali kabla Ogle hajafungua mdomo.

Nilifungua lile chujio lote. Tope nililolitoa lingejenga nyumba. Jioni baada ya kazi mimi na pampu, mimi na mabomba, hadi maji yakaanza kugeuka, kwanza kijani, halafu siku moja nikaona vigae vya chini. Hakuna aliyejua kwamba ni vya bluu.

Siku ya onyesho wanawake walikuja kwa makundi, mabibi, shangazi, wasichana wa shule, wengine kutoka mbali wamefika na mizigo. Wote wakaingia. Mimi nikakaa nje, mgongo nimeligeuzia turubai, kama nilivyoagizwa.

Nilisikia muziki. Nikasikia maji yakipasuka kwa wakati mmoja, kisha kimya kirefu, wako chini. Kisha vigelegele vikalipuka hadi mbuzi wa jirani wakakimbia.

Hivyo mara nyingi. Sikuona kitu. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani, na sikuwa na wa kumwambia isipokuwa mlinzi, ambaye bado alikuwa amenuna.

Watu walipotawanyika, Caro akatoka, mtandio unadondosha maji.

"Maji yalikuwa safi," akasema.

"Asante."

"Siku ile ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Nilikuwa nakuomba nikuoe."

"Hukuniomba, Mwiti. Uliimba, halafu ukazama."

Nikafikiria. Ni kweli. Katika mpango wangu wote, suti, wimbo, beseni, swali lenyewe sikuwa nimelipangia nafasi.

Basi nikamuuliza. Nimevaa ovaroli, nanuka dawa ya maji, bila wimbo wala jukwaa. Nilimuuliza kwa maneno ya kawaida.

Alifikiria kwanza, kama kawaida yake. Nilikaribia kuzeeka pale.

"Watume Ogle na wazee waende kwa baba, Mwingi," akasema. "Wewe ukae nyuma, usiongee."

Wakaenda. Nilikaa nyuma. Sikuongea.

Somo ni fupi, wapendwa. Ukimpenda mtu, muulize. Muulize anapenda nini, anaogopa nini, anahama au anabaki. Kuuliza hakuhitaji suti, na hakuna aliyewahi kutolewa majini kwa tai kwa sababu ya kuuliza.

Siku hizi namuuliza Caro mambo hadi anachoka. Jana nilimuuliza kama naweza kuandika habari hii hapa.

Akafikiria. Akasema sawa, kwa sharti moja: niseme wazi kwamba walipendeza.

Nikamwambia siku ya onyesho sikuona kitu, nilikuwa nje.

"Ile ya kwanza," akasema. "Ulipokuwa hewani. Wewe ndiye mwanamume pekee Garissa aliyetuona."

Basi nasema. Walipendeza sana.