Mwaka Mto Ulipoacha Kufurika

Walisema sitaweza. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, alilisema hilo hadharani akiwa ameegemea ua wa boma letu: "Huyu kusoma? Huyu mbuzi akizaa pacha anakuja kutuambia amezaa mmoja na nusu." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wengine walisema mtoto wa mjane hafiki mbali, atarudi njaa ikimbana.

Nilifika mbali. Nilimaliza sekondari, nikaenda ng'ambo, nikarudi na diploma ya umeme, mtu wa kwanza kuipata katika ukingo wetu wote wa mto Tana upande wa Kitui. Tangu hapo wamenifikia wawili tu, na mmoja wao alirudia mtihani.

Karo yangu ilitoka kwa majirani. Mama hakuwa na kitu, kwa hiyo alizunguka nyumba hadi nyumba akiomba mbuzi wa kukopa, hata kwa baba mdogo aliyenicheka, nao tukawauza mnadani. Kwetu mbuzi wa namna hiyo ana utaratibu wake. Hulipi shilingi badala yake. Anarudishwa mbuzi jike mwenye mimba, anaingizwa kwa mlango wa boma lile lile alikotoka wa kwanza, mchana, majirani wakiona. Mwenye boma humwekea mkono mgongoni na kusema, "Amerudi." Kabla neno hilo halijasemwa, aliyekopeshwa anaweza kuwa na gari na nyumba ya mawe, lakini kwenye mkutano wa ukoo hukaa nyuma na hasemi kitu. Mimi nilitaka sana kusema.

Niliporudi kutoka ng'ambo nilipata kazi kwenye bwawa kubwa la umeme lililokuwa likijengwa mtoni, juu ya kijiji chetu. Kwa mshahara wangu ningeweza kumrudisha mbuzi mmoja kila mwezi. Lakini sikuwa mtu wa kurudisha mbuzi kimyakimya kama mwizi aliyejuta. Nilitaka wote waingie siku moja, kwaya ya kanisa ikiimba, masufuria ya wali yakiwa motoni, na baba mdogo akiwa amesimama mahali ninapomwona. Kwa hiyo nilinunua mbuzi mmoja mmoja na kumwachia mama awachunge pale ukingoni. Kila nikienda likizo niliwatazama wakila maganda ya migunga yaliyoanguka, nikasema bado kidogo.

Karibu na siku ya kufunga malango ya bwawa, wakubwa wangu walinituma nikazungumze na watu wetu kwenye baraza la chifu, kwa kuwa ninajua Kikamba. Nilikwenda na kofia yangu ya chuma ya kazini, ingawa pale hapakuwa na kitu cha kumwangukia mtu kichwani. Nikawaambia: "Mto huu sasa tumeufuga kama ng'ombe. Hautamvunjia mtu ghala tena. Hautabeba kuku wa mtu."

Wanawake walipiga vigelegele. Mto wetu ulikuwa ukifurika kila mvua zikinyesha huko milimani, na watu walihama na vyungu vichwani mpaka maji yapungue. Baba mdogo alisimama akasema, "Kumbe huyu wa mmoja na nusu anaweza kufunga mto!" Safari hii walicheka kwa kunisifu. Bibi mmoja mjane, jirani yetu, ndiye aliyecheza zaidi. Mbuzi wake alikuwa ndiye wa kwanza mama kumkopa, na alikuwa ndiye pekee aliyekamwa katika nyumba ile. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sasa nitalala usingizi wa mvua kama watu wa mlimani."

Hakuna aliyeuliza habari ya matope. Hata mimi sikuuliza, wala wakubwa wangu.

Kila furiko lilipoondoka lilikuwa linatuachia matope meusi ufukoni, mazito kama uji wa jana. Humo ndimo tulimopanda mahindi, kunde, maboga na ndizi, bila mbolea na mara nyingi bila kungojea mvua. Huko Kitui kwingine watu wakilia njaa, kwetu walikuja kuomba. Malango yalipofungwa, mto ulishuka ukawa mwembamba, ukatulia ndani ya mfereji wake. Maji yalikuwa safi kweli. Yalikuwa safi kwa sababu matope yote yalibaki bwawani, na maji yale yasiyobeba kitu yakaanza kuukwangua ukingo wetu, kipande baada ya kipande. Shamba la ndizi la mama liliporomoka mtoni siku isiyo na mvua wala wingu.

Mwaka wa kwanza watu walipanda ufuko mzima kwa furaha, wakavuna kidogo. Mwaka uliofuata hawakuvuna. Migunga mikubwa ilianza kukauka kuanzia kileleni, majani yakapungua, maganda yakaacha kuanguka. Nyasi za chini zikawa za chumvi. Mama alituma mtu kazini aniambie nije. Nilimkuta amewafungia mbuzi ndani ya boma akiwapa mabua ya paa la jiko.

"Wale wengine wako wapi?" nilimuuliza.

"Wengine gani? Hawa ndio wengine."

Nilikaa pale nikisikia mlio wa nyaya za umeme, maana zilipita juu ya kijiji chetu kwenda Nairobi, na jikoni mama alikuwa akiwasha koroboi.

Watu wa juu, ambao mashamba yao yalizama bwawani, walilipwa fidia. Niliwapelekea wakubwa wangu habari ya watu wangu, nikaambiwa maji hayajafika kwao, watalipwa kwa lipi? Fomu ilikuwa na nafasi ya shamba lililofunikwa na maji. Haikuwa na nafasi ya shamba ambalo maji yameacha kulifikia.

Basi wakaanza kuhama. Baba mdogo alikwenda Matinyani kwa wakwe zake. Familia mbili za kanisa letu zilihamia Mbumbuni. Bibi mjane alifuata binti yake Emali, ambako binti huyo alipika chakula cha madereva wa malori. Hakuna aliyeniapiza. Laiti wangeniapiza. Waliponiaga walinipa mkono kwa heshima ile ile ya siku ya baraza, na mimi nilikuwa na haraka ya kuuachia.

Mbuzi wale walikwisha kwa njaa, ikanichukua miaka kununua kundi jingine. Safari hii sikungoja kwaya. Nilikodi lori, nikapakia mbuzi wenye mimba, nikavaa suti na tai, kwa sababu bado ni mimi. Matinyani, baba mdogo alimwekea mbuzi wake mkono akasema "Amerudi," kisha akaongeza, "Lakini boma alilotoka limebaki kule." Nilitaka arudi kwenye utani wake wa zamani, anicheke. Hakucheka. Mbumbuni, zile familia mbili zilisema neno hilo haraka, kwa sababu walikuwa shambani kwa mtu wakilima kibarua na nyapara alikuwa akiwaangalia.

Emali tulifika jua likiwa kali. Bibi aliishi nyuma ya hoteli ya binti yake, katika chumba kimoja cha mabati kilichotazama reli. Nikamwamkia kwa Kikamba, "Wacha." Akaitikia, "Aa," akanitazama kuanzia viatu.

"Umekuwa mnene," alisema. "Bwawa linakulisha."

"Nimeleta mbuzi wako, mwaitu," nilisema, nikimwita mama kwa lugha yetu.

Alizunguka nyuma ya lori akamtazama mbuzi kwa muda, akampapasa tumbo. Madereva waliokuwa wakila walisimama na sahani zao. Mmoja akauliza, "Mama, mwenye suti anaposa?" Bibi akamjibu, "Ananiposa, lakini mahari ni mbuzi mmoja tu, nimekataa." Wakacheka wote. Kisha akafungua mlango wa chumba chake, akasogeza kitanda, akasema huo ndio mlango wa boma lake. Tulimwingiza mbuzi humo, akasimama kati ya sufuria na Biblia. Bibi akamwekea mkono mgongoni.

"Amerudi," akasema. "Sasa huna deni na mtu. Unaweza kuongea."

Lakini aliyeongea alikuwa yeye. "Wewe ndiye mwenye maji. Si uwaambie wafungue kidogo? Mara moja tu kwa mwaka. Nirudi nyumbani na mbuzi wangu."

Nilikuwa nimengoja ruhusa hiyo ya kuongea tangu ujana. Nilimwambia, "Hawatafungua, mwaitu. Nimewauliza." Hakunilaumu. Alitazama nje kwenye changarawe ya reli na magurudumu ya malori, akauliza, "Basi huyu atakula nini hapa?"

Nilitoka nikavuka barabara hadi sokoni, na siku hiyo ambayo nililipa kila aliyewahi kunikopesha, niliimaliza nikiwa nimeinama kati ya wauzaji wa mahindi, tai imetupwa begani, nikiokota maganda.