Jina Alilojipa Binti Yangu

Binti yangu anauza vitenge huko Beni kwa njia ya simu. Anavivaa, anajipiga video, anacheza kidogo, anataja bei, watu wanaagiza. Jina aliloandika juu ya picha zake si lile nililompa. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata mahali alipozaliwa kati ya ndugu zake. Ukilisikia tu, unajua ni wa ngapi. Yeye ni msichana wa tatu. Hilo alilifuta, akaweka lingine la kujitungia.

Hapa nyumbani Butembo alikuwa mtoto wa kimya. Nikiingia ndani, kicheko chake kilikatika. Nilidhani ni heshima, nikajivunia. Kwa hiyo nilipoanza kumwona kwenye simu kila asubuhi, nikinywa chai, akicheka wazi na kuwatania wateja, nilikuwa namtazama mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Nilimpenda mtu huyo. Laiti ningemwandikia hivyo.

Badala yake niliandika chini ya video, mbele ya wote: "Jina hilo alikupa nani? Wewe ni msichana wa tatu wa nyumba yangu." Nikaweka na jina lake la kuzaliwa. Wateja wakaanza: "Musichana wa tatu, kitenge ile bei gani? Papa yako ametoa ruhusa?"

Alinipigia.

"Papa, pale ni kwangu. Unaingiaka kwa nyumba ya mutu bila hodi?"

"Kwako wapi? Kwenu ni hapa."

"Donc, kumbe miye niko namba tu?"

Nilimwambia asinifundishe. Kesho yake video zake zote zilitoweka kwenye simu yangu. Mke wangu ndiye aliyenieleza kwamba binti amenifungia nisizione. Simu yake mwenyewe hanipi nitazame; anaogopa naye afungiwe.

Tangu hapo nimekwenda Beni. Binti yangu alinipikia bugali na sombe, akanitandikia kitanda, akajibu kila nililouliza. Simu ilipolia akatoka nje, nikamsikia nyuma ya ukuta akicheka na mteja. Niliacha kutafuna ili nisikie vizuri.

Mimi mwenyewe, picha yangu kwenye simu ni ya zamani: nywele nyeusi, koti la kuazima. Hakuna aliyewahi kuniuliza mbele ya watu mzee wa kweli ni yupi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mke wangu alikuwa akimtumia binti yetu ujumbe wa sauti. Nikaomba simu kidogo. Nilimsalimu, nikamwita kwa jina lile alilojipa. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Mke wangu alinitazama, kisha akautuma.

Jibu lilikuja kwa mama yake, si kwangu: "Mama, mwambie papa analitaja mubaya. Arudilie."

Sauti yake ilikuwa karibu na kucheka, au mimi ndiye ninayetaka iwe hivyo. Siku hizi nikiwa shambani peke yangu nalirudilia, nikilivuta mwishoni kama alivyokuwa akilivuta yeye kwenye video. Video zenyewe bado sizioni.