Rangi Haikumshika Baba

Hiki ninachokusimulia si cha kuambiwa. Zizi lenyewe lipo kwetu Ibadakuli mpaka leo, na mama yangu yupo, njoo umuulize. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Mama macho yamemwishia. Anaona ukungu, labda kitu kiwe na rangi kali. Tangu baba afariki, kilichomuumiza zaidi ni kutowaona ng'ombe wakirudi jioni. Wakati huo ndio baba alikuwa akiingia nao, fimbo ameilaza mabegani, mikono ameining'iniza juu yake, huku akiwagombeza kama watu. Jamani, jioni zile nazikumbuka! Vumbi, harufu ya maziwa yanayochemka, na baba akizitishia fimbo ndege za abiria zinazoshuka kwenye uwanja wa jirani.

Mimi ni fundi kamera, kazi nimeifanya sana huko Geita migodini. Nikafunga kamera moja ya zamani zizini, picha ikawa inaonekana moja kwa moja kwenye runinga ya sebuleni. Lakini ilikuwa picha isiyo na rangi, kijivu kitupu, mama hakuambulia kitu. Basi nikaweka programu kwenye kompyuta. Hiyo inachukua kila kijivu, kiwe kizito au chepesi, na kukipa rangi ya uongo papo hapo: penye giza bluu, katikati kijani, penye mwanga nyekundu. Hakuna kinachobaki kijivu. Hilo ulishike.

"Ng'ombe wa kijani umemtoa wapi, wewe?" mama aliuliza, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Ikawa kila jioni anavuta kigoda chake mbele ya runinga na kuwaita kwa majina mmoja mmoja.

Jioni moja, giza linaanza kuingia, akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mbona baba yako hujampaka rangi?"

Nikatazama. Niamini ninachosema. Katikati ya ng'ombe wa bluu na kijani alisimama mtu wa kijivu, fimbo mabegani. Ng'ombe wote walikuwa wamemgeukia. Nikachungulia dirishani: zizini hapakuwa na mtu, ila ng'ombe walikuwa wamegeuka vilevile. Ungefanya nini wewe?

Kugeuka, mama ameshatoka. Nikamwona kwenye runinga akifika zizini, mwekundu kote, akinyoosha mkono. Baba akaupokea. Palepale rangi ikaanza kumtoka mama: vidole, kiganja, ikawa inapanda. Hapo nikajua namkosa na yeye.

Nilikimbia nikiita, "Mayu! Mayu!" kama nilivyokuwa nikimwita nikiwa mtoto. Nikamkumbatia kiunoni.

"Niache, mwanangu," alisema. "Baba yako anasema twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa, mayu. Na mimi unaniacha na nani?"

Aliushusha ule mkono. Kisha akaniegemea, tukarudi ndani huku wote wawili tunalia.

Mkono wake wa kulia ni wa baridi mpaka leo, hata aote moto vipi. Kwa macho ni mkono wa kawaida, lakini kesho yake alipopita mbele ya kamera, kwenye picha mwili wake wote ulishika rangi, mkono ule ukabaki kijivu hadi kiwiko. Tangu hapo nimemdanganya kwamba panya wamekata waya wa kamera. Kila jioni ananiuliza kama nimepata waya mwingine.

Kwa hiyo wewe uliyebakiwa na mzazi mmoja, ukipaka picha rangi halafu ukaona mtu asiyeshika rangi, zima, funga mlango, usimwite yeyote aje kuona. Wala usifanye ninavyofanya mimi. Maana mama akiingia kuoga huwa naiwasha ile kamera kidogo. Hata mimi nimemkumbuka baba. Juzi alininyooshea mkono, na nilikuwa nimeshafungua mlango wa nje ndipo mama akaita kutoka bafuni, nimpelekee taulo.